Nonna, Nyanya na neno "sitaki"

Kabla sijaanza niseme tu wazi, kosa lote lilikua langu. Sio la mpishi, sio la Nyanya, na wala sio la Wataliano. Kosa ni la huu mdomo wangu ambao siku moja ulikaa na mchumba pale Mida Creek, upepo unavuma, maji yanajaa kwenye mikoko, ukamwambia "mimi Kitaliano nakijua kama maji."

Kwa wasioijua Watamu, ni mji mdogo, ukishuka Gede kwenye barabara ya Mombasa na Malindi unadandia tuktuk na baada ya muda si mrefu uko baharini. Wataliano wako hapo miaka na miaka, mpaka mtoto wa chekechea akiona mzungu yeyote, hata awe Mjerumani wa watu, anapiga kelele "ciao, caramella!" yaani nipe peremende. Mwenye kuuza vinyago anataja bei kwa Kitaliano. Mabeach boy ndo usiseme, hao wanatongoza, wanagombana na kuombana msamaha kwa Kitaliano. Sasa mimi kazi yangu ni kutengeneza simu, hivo Kitaliano changu chote ni cha skrini iliyopasuka. Quanto costa nalijua. Rotto nalijua, ni kitu kilichoharibika. Piano piano, polepole. Na domani, kesho, hilo nalijua vizuri kuliko yote manake fundi asiyejua kusema kesho huyo sio fundi. Ongeza ciao bella hapo juu, basi, kamusi imeisha.

Mchumba akaenda kumsimulia Nyanya yake. Na Nyanya yake ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, mwanamke ambaye akionja pilau ya harusi watu wote wanamwangalia uso kwanza ndo waendelee kula. Wakati huo mambo ya posa yalikua yanakaribia, na kwa hiyo ilibidi familia wamtume mtu aje aniangalie kijana mwenyewe nikoje. Wakamtuma Nyanya. Na Nyanya akapiga simu mwenyewe akasema, "Nitakuja na Mjomba wenu. Na tusipike. Nataka anipeleke kwa Mtaliano nimsikie anavyoongea."

Nilikaa chini na simu ya mteja mkononi nikasahau hata ni ya nani.

Lakini mwanaume hashindwi. Kuna mkahawa mmoja hapo wa kifamilia, mdogo, meza kama kumi hivi chini ya makuti, jamaa Mtaliano ndo yuko kwenye tanuri la kuni anachoma pizza, mkewe Mgiriama ndo anashika kaunta na pesa, binamu wa mke ndo weita, na kuna mtoto wao wa miaka kama sita hivi ambaye kazi yake ni kupita chini ya meza. Weita namjua, nilishamtengenezea simu yake mara mbili (na mara zote mbili nilimwambia domani). Nikaenda mchana nikapanga naye kila kitu: meza ya pembeni, samaki na mboga tu, nyama tusiguse, mvinyo usionekane hata kwa mbali. Halafu nikamwambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa, nikamwambia, "Na jioni usije kutusemesha sana. Mimi mwenyewe nitaongea nao."

Akaniangalia. "Wewe?"

"Mimi."

"Sawa bro."

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba siku hiyo, tarehe 15 Agosti, kwao Italia ni sikukuu kubwa inaitwa Ferragosto, kwa hivo mkahawa ulikua umefurika. Kitu cha pili ambacho sikukijua, mama yake yule jamaa wa pizza alikua amekuja kutoka Bergamo kuwaona wajukuu, na mama wa Kitaliano hata umwambie yuko likizo ukimuacha karibu na jiko la mtu atalichukua. Yeye hakuwa anajua neno hata moja la Kiswahili isipokua jambo. Na kitu cha tatu, yule mke Mgiriama ambaye ndo angetuokoa alikua ameenda matangani Kakuyuni na alikua hajarudi.

Tukaingia. Nyanya mbele na buibui lake na pochi kubwa jeusi, Mjomba nyuma yake na kofia na fimbo ambayo haihitaji, mchumba, halafu mimi nikiwa na shati jipya ambalo lilikua bado na mikunjo ya dukani. Weita akatupa menyu na kukimbia. Yote Kitaliano, hata bei nilihisi ni za Kitaliano. Mjomba akaivaa miwani, akaisoma juu mpaka chini kana kwamba anaelewa, kisha akaanza hotuba.

"Hawa watu," akasema, "msiwaone hivi. Hawa walikua wanarusha roketi hapo Ngomeni. Mwaka 1967 wakarusha setilaiti yao, na 1970, tarehe 12 Desemba, siku ya Jamhuri, ikarushwa nyingine hapo hapo ikapewa jina Uhuru. Uhuru! Jina la Kiswahili liko mbinguni. Sasa mtu aliyerusha roketi atashindwa kupika tambi?"

"Roketi hailiwi," Nyanya akasema. "Mimi nina kiu. Mwambie atupe maji. Ya baridi."

Hapo ndo mtihani ulipoanza, na nikafurahi, manake maji nalijua, acqua. Baridi ndo silijui. Lakini kwenye menyu niliona neno caldo, na akili yangu ikaniambia caldo si ndo koldi hiyo hiyo, wamebadilisha herufi tu. Mtoto akapita chini ya meza nikamshika, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya tatu, "Acqua calda, per favore!" Na mkono nikaupeperusha kama nilivyowaona wakifanya.

Mtoto akanikodolea macho. "Calda?"

"Calda, calda!"

Nyanya akatikisa kichwa kidogo, kile kichwa cha kusema haya, tuone. Mchumba akanifinya mkono chini ya meza. Wallahi hiyo dakika moja nilikua nimeshaoa.

Kumbe caldo ni moto.

Yakaja maji ya moto kwenye birika, yanatoa moshi, na vikombe vinne. Nyanya akayaangalia. Mjomba akayaangalia. Mimi nikasema, "Ndo desturi yao, kabla ya chakula wanaosha koo." Tukanywa. Nakwambia ukweli, tulikaa watu wanne Watamu, na jasho letu, tunapuliza maji ya moto kama watu walio na malaria, na meza zote zinatuangalia.

Sasa huko jikoni habari ilifika vingine kabisa. Kwa Wataliano, hili nililielewa baadaye, mtu akiagiza maji ya moto kabla ya kula basi huyo tumbo linamsumbua. Na mtoto akienda kusema meza ya pembeni kuna nyanya anakunywa maji ya moto, basi mwenye jiko hawezi kukaa.

"Nonna!" tukasikia mtoto anaita. "Nonna! Nonna!"

Nyanya akaweka kikombe chini. "Nani amenona?"

"Hapana Nyanya, ni..." nikafikiria haraka, "ni jina."

"Wamempa mtu jina Nona?"

Kumbe nonna kwao ni nyanya, yaani bibi. Mlango wa jikoni ukafunguka na akatoka mwenyewe, bibi wa kizungu mfupi, mpana, aproni imejaa unga, taulo begani. Kusema kweli alikua amenona. Nyanya akanigeukia akasema, "Ahaa."

Nonna akaja moja kwa moja kwa Nyanya, akainama, akajishika tumbo, akauliza kitu kirefu ambacho ndani yake nilisikia "mal di pancia" (kumbe ni tumbo kuuma) na vingine vikapotea. Watu wote wakanigeukia mimi.

"Anasema nini?" Nyanya akauliza.

Kashika tumbo. Mkahawani. Mimi ningejua nini? Nikasema, "Anauliza kama una njaa."

Nyanya ni mtu wa heshima zake, hawezi kukubali mbele za watu kwamba ana njaa. Akamtazama Nonna usoni akasema, "Sina."

Na hapo, jamaa zangu, ndo mlango wa mambo yote ulipofunguka. Manake Kiswahili chetu kina ubaya mmoja ambao hakuna mwalimu alinifundisha. Sina, sitaki, siwezi, sili, sijui, sipendi, yote yanaanza na si. Na kwa Mtaliano sì maana yake ni ndio. Kwa hiyo wewe unakataa, yeye anasikia umekubali, halafu umeongeza maneno mengine ya Kiafrika hapo nyuma ya kupamba.

"Sì?" Nonna akashika mashavu. "Poverina!" Akarudi jikoni mbio.

Dakika tano zikaja sahani ya supu, maji maji, haina rangi, na nyuma yake sahani ya wali. Sasa huo wali. Kwao mtu mwenye tumbo bovu anapewa wali mweupe, hauna kitu, mafuta kidogo juu, basi. Mwanamke wa Kibokoni. Mtu ambaye wali wake wa nazi ukifunikuliwa majirani wanakumbuka kuja kusalimia. Alipiga kijiko kimoja, akatafuna kama mtu anasikiliza redio yenye mawimbi mabaya, kisha akakiweka kijiko chini taratibu.

"Siupendi," akasema. "Hauna nazi, hauna chumvi."

"Sì?" Nonna akafurahi, akatoa kipande cha jibini mfukoni mwa aproni, ndio, mfukoni, na kikwangulio, akaanza kukwangua juu ya wali. Ile harufu ikapanda. Mjomba akanong'ona kwamba inanuka kama dau la ng'onda lililofungiwa.

"Mwambie asiweke!" Nyanya akanifokea.

Mimi nikatafuta kichwani. Quanto costa. Rotto. Domani. Nikasema, "Piano piano, signora!" Akasikia polepole, basi akaendelea kukwangua lakini polepole, kwa utaratibu, mpaka kipande kikaisha.

Mchumba akaona ajitokeze kunisaidia. Akanyoosha mikono yote miwili, akasema wazi wazi, "Hapana! Hapana, hapana!"

Nonna akasimama. Uso ukang'aa. "Ah! Il pane!"

Pane ni mkate. Ukaja mkate, kikapu kizima, na kingine cha akiba.

Kufikia hapo vile tulivyoagiza wenyewe navyo vikaanza kufika, pizza mbili, tambi za vitu vya baharini, samaki mzima wa kuchoma, meza ikajaa mpaka fimbo ya Mjomba ikabidi iwekwe chini. Na kila Nyanya akisogeza sahani pembeni Nonna anatokea nyuma yake kama jini. "Ancora?" Hilo ni kusema nikuongeze? Na Nyanya, badala ya kusema nimeshiba kama watu wengine, ambalo lingetuponya manake halina si, Nyanya ni mtu wa maneno ya mkato.

"Sitaki."

"Sì! Brava!" Kijiko kingine.

"Nimesema sitaki!"

"Sì, sì!" Vijiko viwili.

Sauti ikipanda chakula kinapanda. Nilikua naona kwa macho yangu kwamba kuna kitu hakiko sawa lakini nikajiambia labda ni desturi yao, labda bibi wa kizungu ni mkaidi tu, na zaidi ya yote nilikua naogopa kumwita weita manake nimeshamwambia mimi mwenyewe nitaongea. Kila akipita na sahani sita mikononi ananiangalia, ananyanyua nyusi kama kuuliza vipi, na mimi namnyanyulia dole gumba.

Kisha kukawa na lile la Mjomba. Mtoto alikua anakimbia kuelekea kwenye tanuri anaita "Papà! Papà!" Mjomba akainua kichwa kutoka kwenye pizza ambayo alikua anaivua jibini kwa uma kama anaparua samaki.

"Kuna papa hapa?" Macho yakamtoka. "Miaka mingi sijala papa wa kupaka. Mbona hukusema?" Akampungia mtoto. "Wewe! Njoo! Papa! Niletee papa!"

Mtoto akasimama. Akamwangalia. "Papà?"

"Papa! Mkubwa!"

Akaenda, akarudi amemshika mkono baba yake, jamaa wa futi sita, jasho linamtiririka, unga mpaka kwenye nyusi, ameliacha tanuri linawaka. Akasimama mbele ya Mjomba anangoja kuambiwa amekosea wapi. Mjomba akamwangalia juu mpaka chini. Mimi nikasimama nikamwambia, "Ciao amico, tutto bene," nikakaa. Jamaa akatikisa kichwa akarudi kwenye moto wake. Yule mtoto, na hili naliweka hapa mnisaidie kuhukumu, anaongea Kiswahili safi kabisa na Kigiriama juu. Alikua anatuelewa tangu mwanzo. Mpaka leo sijui kama alifanya makusudi.

Nyanya sasa alikua amechoka. Akafungua lile pochi jeusi akatoa chupa ya achari ya embe. Kumbe anatembea nayo, mchumba alishaniambia nikadhani ni mzaha. Akamimina kwenye wali, akakunja mkono wa buibui, akaacha kijiko, akaanza kula kwa mkono, na kwa mara ya kwanza usiku ule nikaona uso wake umetulia. Nikapumua. Nikasema yameisha.

Nonna akamuona kutoka mlangoni. Chakula chake, kimepakwa kitu chekundu.

Akaja, akaishika chupa, akanusa, akachovya kidole, akalamba. Akanyamaza. Macho yakajaa maji, akafungua mdomo, akajipepea na taulo, akasema "Mamma mia!"

"Mia ngapi?" Nyanya akaniuliza. "Anataka kuinunua?"

Sijajibu, Nonna ameondoka na chupa jikoni. Hakusema kitu, kaondoka nayo tu. Nyanya akabaki ameinua mkono uliojaa wali, anauangalia mlango unavyojifunga.

"Amechukua achari yangu."

"Ataileta Nyanya."

"Amechukua achari yangu, wewe umekaa."

Aliporudi hakurudi na chupa. Alirudi na ubao wa mbao mkubwa, na juu ya ubao kitu cha manjano, cha mviringo, kinafuka moshi. Akakiweka katikati kwa fahari, kama mtu anayezindua mnara. "Polenta!" akasema, akajigonga kifua. Bergamo ndo kwao polenta.

Kimya. Nyanya akamega kidogo pembeni. Akafinyanga tonge. Akalitazama kwenye taa.

"Hii ni sima," akasema.

Mjomba akamega. "Ni sima."

"Nimepanda gari kutoka Mombasa," Nyanya akasema, na sauti yake ilikua ya chini kabisa, ambayo mchumba alishaniambia ndo ya hatari, "nimekuja kwa Mtaliano, nimenyweshwa maji ya moto, nimepewa wali wa hospitali, nimeibiwa achari, na sasa nimeletewa sima. Ya manjano. Bila mchuzi." Akamgeukia Nonna. "Mimi sima sili usiku. Sili!"

"Sì! Sì! Dai, dai, mangia!"

Hapo Nyanya akaruka. "Anadai! Hatujamaliza kula anadai!"

Na mimi nikaingia kingi. Dai kwa Kitaliano ni kama kusema haya bwana, njoo basi, lakini mimi nilisikia kile kile alichosikia Nyanya, deni. Nikatoa walet haraka nikashika noti ya elfu nikampa Nonna. Heeh! Yule mama alibadilika rangi. Umempa bibi wa watu pesa mkononi kwa sima aliyoisonga kwa mapenzi. Akanipiga na taulo, si kwa nguvu, lakini pa! begani, meza zote zimegeuka, akairudisha noti kwenye mfuko wa shati langu jipya, akaanza kumlisha Nyanya mwenyewe kwa uma.

"Siwezi!" Nyanya anasema.

"Sì, sì!"

"Mwanangu siwezi, siwezi, mtanizika!"

"Brava!"

Na mwisho kabisa vikaja vigilasi vinne vidogo vya kitu cha manjano, baridi, hiki sasa ndo kilikua baridi, na Mjomba akafurahi akasema alhamdulillah juisi ya ndimu. Gilasi iko kwenye mdomo, weita akatokea sijui wapi, akaruka kiti cha watu, akamnyang'anya. "Mzee! Hiyo si juisi!" Ilikua limoncello, pombe ya maganda ya malimau, kali kweli. Mjomba akabaki ameshika hewa. Kisha weita akanigeukia mimi, akaitazama meza, ile sima, vikapu viwili vya mkate, supu, sahani juu ya sahani, akaniuliza polepole, "Bro, hivi vyote mliagiza?"

Saa tatu kasoro mke mwenyewe akarudi kutoka matangani. Akafunga kitambaa upya, akashika kaunta, akapiga hesabu ya meza yetu manake kila sahani iliyotoka jikoni ilikua imeandikwa. Shilingi 16,400. Mimi mfukoni nilikua na 7,000, nilizoweka wiki tatu. Mjomba alipoona naangalia karatasi muda mrefu akaanza kuchunguza makuti, jinsi yalivyofungwa, fundi gani aliyeezeka.

Nikaenda kaunta nikamwambia dada, hapa kuna kosa. Akamwita Nonna, wakaongea Kitaliano mbio mbio, mikono inaruka, Nonna ananyoosha kidole kwa Nyanya na kurudia kitu kile kile, sì, taki, sì, taki. Yule dada alisikiliza, akaacha kuongea. Akaziba mdomo na mkono. Mabega yakaanza kutikisika. Akaegemea kaunta akacheka mpaka machozi, mtu katoka matangani saa hiyo hiyo.

"Mama anasema," akanieleza akijifuta, "nyanya yenu ana adabu sana. Kila akimuongezea anamjibu sì, taki. Ndio, asante. Anadhani taki ni asante."

Nikahisi damu imeshuka miguuni. Akaja mpaka mezani akamweleza Nyanya pole pole, sina, sitaki, sili, siwezi, moja moja, na Nyanya akasikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Weita akafuta supu, wali, sima, mkate na vile vigilasi, ikabaki 11,200. Nikatoa 7,000 zangu, 4,200 nikafuliza, yaani nikakopa kwa M-Pesa, hapo hapo nimesimama, na ujumbe wa simu ukaingia kwa mlio mkubwa ili kila mtu ajue.

"Na chupa yangu?" Nyanya akasema. "Sasa mimi ndo nadai."

Ikaletwa. Ilikua nusu. Nyanya akaitikisa, akamwambia yule dada, kwa hiyo nusu toa 200. Na kweli akatoa, akampa Nyanya mkononi, Nyanya akazifunga kwenye ncha ya leso. Zile pesa zangu.

Nikamuomba dada amweleze na Nonna maana ya sitaki. Akakataa. Akasema usiku ule asimvunje mama moyo, atamwambia kesho, na mimi ningesema nini, neno kesho ndo langu. Nonna alikua amesimama hapo hapo, taulo begani, anatutabasamia sote.

Ndo Nyanya akanigeukia. Akakunja mikono juu ya pochi.

"Wewe kijana. Nikuulize mbele ya mchumba wako na mbele ya Mjomba wake. Kitaliano unakijua hukijui?"

Mchumba akaangalia meza. Mjomba akarudi kwenye makuti. Mtoto akatoa kichwa chini ya meza asikose kitu.

"Sijui, Nyanya," nikasema. "Sijui."

"Sì?" Nonna akapiga makofi, na kabla weita hajaweka trei chini kumzuia akawa ameshaingia jikoni. Tukasikia mafuta yanachachatika. Akatoka na ile sima ya manjano iliyobaki, ameikata vipande, ameikaanga, sahani imejaa, akaniwekea mbele yangu na kunifinya shavu.

Nyanya akaitazama sahani. Akanitazama mimi. Akafungua pochi, akatoa ile nusu chupa ya achari, akaisukuma taratibu mpaka ikagusa mkono wangu.

"Kula," akasema. "Wewe ndo umesema ndio."